Miaka mitano na GitHub Actions: tathmini ya mtunzaji mmoja wa programu huria

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kudonoadonoa, nilikuwa nimeshawaahidi watumiaji wa programu yangu toleo jipya kabla ya Jumatatu. Programu yenyewe ni ndogo: huweka hesabu za vikoba, imeandikwa kwa lugha ya C++ na Qt (maktaba ya kuundia madirisha na vitufe), msimbo wake uko huria, na hutolewa kwa Windows, Linux na Mac. Vifurushi vya toleo moja, vikijumlishwa, hukaribia megabaiti 240. Kwa intaneti ya siku ile, kuupakia mzigo huo kutoka Dar es Salaam kungeniweka macho hadi alfajiri na kunimalizia bando, na pengine usingefika. Nilichotuma mimi ni tagi moja ya git, yaani alama ya toleo katika mfumo unaotunza historia ya msimbo, isiyozidi kilobaiti chache. Ikapenya kwenye jaribio la tatu, nikazima kompyuta nikalala. Asubuhi vifurushi vyote vitano vilikuwa vimeshajengwa, vimeshapimwa na viko kwenye ukurasa wa matoleo.

Huduma iliyokesha badala yangu ni GitHub Actions, mfumo wa GitHub (tovuti ninakoweka msimbo) unaojenga na kupima programu kiotomatiki kwenye mashine za mbali, na ndiyo ninayoitathmini hapa baada ya kuitumia kwa miaka mitano. Hukumu yangu kwa asiye na nafasi ya kusoma yote ni hii: kwa mtu anayetunza programu huria ya mifumo endeshi mitatu bila ofisi wala bajeti, sijaona huduma ya bure inayoikaribia, lakini mashine si zake, na sehemu kubwa ya utunzaji ni kujua ni kitu gani kinaweza kusogea bila yeye kukisogeza.

Waliokuwapo kabla ya hapo watakumbuka kwamba miradi mingi huria ilikuwa ikijengwa kwa Travis CI, huduma iliyoanzia Berlin mwaka 2011 na kununuliwa na kampuni ya Idera mwaka 2019. Novemba 2020 Travis ilibadili utaratibu wake, miradi huria ikaanza kupewa salio lenye kikomo badala ya matumizi yasiyohesabiwa, na katikati ya mwaka 2021 tovuti ya zamani iliyohudumia miradi hiyo ikafungwa. GitHub Actions ilikuwa imetangazwa mwaka 2018 na kufunguliwa kwa wote Novemba 2019, kwa hiyo waliohama walikuwa na pa kuhamia. Nililolichukua katika historia hiyo ni kutoandika kazi halisi ndani ya faili la YAML, yaani faili la maandishi linaloipa huduma maagizo. Kila hatua ya ujenzi wa programu yangu iko ndani ya CMake (chombo cha kujengea programu) au ndani ya skripti fupi ambayo naweza kuiendesha hata kwenye kompyuta yangu ya mkononi. Faili la YAML linaita tu skripti hizo kwa zamu. Siku nikilazimika kuhama, nitaandika upya kurasa mbili, si ishirini.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleweka. Unaweka faili la YAML katika folda ya .github/workflows, ukitaja tukio litakaloamsha kazi (msimbo kusukumwa, ombi la kuunganisha kufunguliwa, tagi kuwekwa, au saa fulani kufika), aina ya mashine, na hatua za kufuatana. Kila kazi hupewa mashine pepe mpya, ambayo hutupwa kazi ikiisha. Kwa hazina za umma, yaani miradi ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, mashine za kawaida hazihesabiwi dakika: za Linux na Windows zina prosesa nne na RAM ya gigabaiti 16, na Mac ya M1 ina prosesa tatu na gigabaiti 7. Kazi moja haiwezi kupita saa sita, na akaunti ya bure huendesha kazi zisizozidi 20 kwa wakati mmoja, ambazo kati yake za Mac haziwezi kuwa zaidi ya tano. Mwenye hazina ya faragha kwenye akaunti ya bure yuko katika hali nyingine kabisa, kwa sababu hupewa dakika 2,000 kwa mwezi na dakika moja ya Mac hugharimu karibu mara kumi ya dakika ya Linux.

Mimi sijawahi kumiliki Mac, na kwa bei zake za hapa nchini sitarajii kumiliki karibuni. Kwa hiyo kwangu thamani kubwa kuliko zote ya huduma hii ni kupewa Mac ya kuazima kwa dakika kumi na mbili kila ninapobadili msimbo. Tangu Januari 2024 hata zile za prosesa ya Apple zinapatikana bure kwa miradi huria, na mwaka uliofuata zikaongezwa mashine za Linux na Windows za prosesa ya ARM. Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hapa methali hiyo inasadifu: naweza kujenga na kuendesha majaribio, lakini siwezi kukaa mbele ya kioo nikaona kama kitufe cha kuhifadhi kimejificha nyuma ya fremu. Nimejazia pengo hilo kwa jaribio linalofungua dirisha kuu, kulipiga picha na kuiambatisha kwenye matokeo ya kazi. Picha hiyo imeniokoa mara mbili. Mara ya tatu mtumiaji mmoja alilazimika kunieleza kwamba menyu haikusomeka katika mandhari ya giza, jambo ambalo mashine ya wingu, kwa kuwa huamka na mandhari meupe, isingelionyesha kamwe.

Kujenga, hata hivyo, ni nusu ya kazi, maana faili lisilo na saini ya kidijitali hupokewa na mfumo endeshi kama mgeni asiye na kitambulisho. Tangu toleo la Catalina, Mac hutaka programu inayosambazwa nje ya duka la Apple iwe imesainiwa na kuthibitishwa na Apple, na ili kufanya hivyo kwa kawaida unahitaji uanachama wa dola 99 kwa mwaka. Katika toleo la Sequoia njia ya mkato ya kubofya kwa kitufe cha Control ili kuifungua programu isiyothibitishwa iliondolewa, na sasa mtumiaji analazimika kupitia kwenye mipangilio ya usalama. Kwa watumiaji wa Mac wasiofika kumi sijaona sababu ya kulipa, kwa hiyo ukurasa wa matoleo una maelezo ya hatua tatu yenye picha. Jambo lisilokwepeka ni kwamba Mac za prosesa ya Apple hukataa kabisa msimbo uliojengwa kwa prosesa hiyo usio na saini yoyote. Lazima angalau uweke saini tupu kwa amri ya codesign -s - ambayo kistari chake cha mwisho, kinachosimama mahali pa jina la msainiji, ni rahisi kukifuta ukidhani ni makosa ya uchapaji.

Upande wa Windows, ambako wako wahazini wangu wengi, mambo yalibadilika tarehe 1 Juni 2023. Kuanzia siku hiyo kanuni za watoa vyeti zinataka ufunguo wa kusainia ukae ndani ya kifaa maalumu cha usalama, hivyo ule mtindo wa kuutunza kama faili ndani ya siri za hazina (nywila na funguo ambazo huduma hukutunzia) umekwisha kwa vyeti vipya. Mkondo wa kutolea toleo, yaani mfuatano wote wa kazi za kiotomatiki, sasa hupeleka kifurushi kwa huduma ya mbali kikasainiwe. Miradi huria inayotimiza masharti inaweza kuomba saini ya bure kutoka SignPath Foundation, na mojawapo ya masharti hayo linanifurahisha: faili lazima lithibitike kuwa limejengwa na mfumo wa kiotomatiki kutoka kwenye msimbo ulio hadharani. Yaani kompyuta yangu ya mkononi, pamoja na programu za kupakulia nyimbo na michezo alizoweka mpwa wangu, haina nafasi katika mnyororo huo, na ndivyo inavyopasa kuwa.

Nije kwenye kosa lililonifundisha zaidi, nalo lilikuwa langu mwenyewe. Katika faili langu la YAML mashine ya Linux niliitaja kwa lebo ya ubuntu-latest. Maelezo ya huduma yanasema wazi kwamba lebo hiyo husogezwa kila picha mpya ya mfumo (nakala ya mfumo endeshi inayowashwa kwenye mashine) inapokomaa, niliyasoma, nikayaacha. Kati ya Desemba 2024 na Januari 2025 lebo ilihama kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04. Mkondo wangu haukulalamika hata kidogo: ulijenga, majaribio yakapita, alama zikawa za kijani. Wiki mbili baadaye mwalimu mmoja wa kompyuta wa Iringa akaniandikia: "Kaka, toleo jipya halifunguki hata kidogo, na la zamani linafanya kazi," akaambatisha picha ya terminali yenye maneno "version `GLIBC_2.38' not found".

Chanzo chake kinastahili kuelezwa kwa sababu wengi hukikuta. Karibu kila programu ya Linux hutegemea maktaba ya C iitwayo glibc, na alama za maktaba hiyo, yaani majina ya kazi zake, hubeba namba ya toleo. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, na 24.04 ina 2.39. Msimbo wangu ulikuwa unaita strtol, kazi ya kale ya kugeuza maandishi kuwa namba. Lakini kuanzia glibc 2.38 vichwa vya maktaba huielekeza kazi hiyo, kimyakimya, kwenye alama mpya iitwayo __isoc23_strtol. Sikuwa nimebadili mstari hata mmoja, ila mashine ilibadilika, na faili lililotoka likadai kitu ambacho kompyuta ya mwalimu haikuwa nacho. Kuelekea nyuma hakuna tatizo, kwa kuwa programu iliyojengwa juu ya glibc ya zamani hufanya kazi kwenye mpya. Kinyume chake ndicho kisichowezekana.

Dawa ni kujenga kwenye mfumo mkongwe kuliko wote unaokusudia kuuhudumia, na kuutaja kwa namba yake. Hata hivyo nao ukongwe una mwisho. Mashine ya Ubuntu 20.04 iliondolewa Aprili 2025, na waliokimbilia kontena za zamani (mifumo iliyofungashwa ili iendeshwe ndani ya mashine nyingine) walikuta mlango mwingine umefungwa: hatua nyingi zilizoandikwa tayari, ikiwamo ile ya kuchukua msimbo, zilikuwa zikiendeshwa kwa Node 20 (kiendeshi cha JavaScript), ambayo nayo hutaka glibc 2.28, hivyo kontena ya CentOS 7 yenye glibc 2.17 ilishindwa kuziendesha. Mimi leo najengea ndani ya kontena ya AlmaLinux 8, ile ile ya manylinux_2_28 inayotumiwa na watu wa Python, na baada ya ujenzi skripti yangu husoma alama zote za faili kwa objdump na kukataa kuendelea ikikuta namba ya glibc inayozidi 2.28. Skripti hiyo ina mistari kumi na moja, na ingekuwapo tangu mwanzo mwalimu wa Iringa asingepoteza kipindi kizima cha maabara.

Suala la usalama ndilo ninaloona linachukuliwa kirahisi kuliko yote, pengine kwa sababu huduma inakurahisishia kosa. Hatua iliyoandikwa na mtu mwingine unaiingiza kwa mstari mmoja, ukitaja jina lake na tagi yake, na tagi ya git ni kibandiko tu ambacho mwenye hazina, au aliyemwibia funguo, anaweza kukibandua na kukibandika penginepo. Machi 2025 hilo ndilo lililofanyika kwa hatua iitwayo tj-actions/changed-files, iliyokuwa ikitumiwa na hazina zaidi ya 23,000. Mshambuliaji alizielekeza tagi zake, hata zile za zamani, kwenye msimbo mmoja uliokuwa ukisoma siri kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine na kuzichapa ndani ya logi za kazi. Na logi za hazina ya umma husomwa na yeyote. Waliokuwa wametaja heshi kamili ya herufi 40 (kitambulisho cha badiliko moja la msimbo, kisichoweza kuhamishwa) badala ya tagi, na ambao heshi yao ilikuwa ya kabla ya shambulio, hawakuguswa.

Tangu wakati huo sina hatua ya nje isiyotajwa kwa heshi, na idadi yake nimeipunguza kutoka kumi na nne hadi nne. Dependabot, roboti ya GitHub ya kufuatilia matoleo mapya, hunipendekezea heshi mpya, nami huzisoma kabla ya kuzikubali, ingawa nakiri kwamba kuna siku nasoma kichwa cha habari tu. Tokeni ya kila kazi, yaani ufunguo wake wa muda, nimeiwekea ruhusa ya kusoma peke yake, isipokuwa kazi moja ya mwisho inayoandika kwenye ukurasa wa matoleo, nayo iko ndani ya mazingira yanayodai idhini yangu kwa mkono. Tukio la pull_request_target sitaki hata kulisikia kwa mradi mdogo, kwa sababu hufungua kazi yenye uwezo wa kusoma siri zako ilhali ombi limetoka kwa mtu usiyemjua; ukikosea ukachukua na kuendesha msimbo wake, umemkabidhi funguo.

Kwa upande wa pili, mkondo uliotunzwa vizuri huziba tundu ambalo mkono wa binadamu huliacha. Katika kisa cha xz, programu huria ya kubana mafaili, cha Machi 2024, ambacho Andres Freund alikigundua alipokuwa akichunguza kwa nini kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kumekuwa kwa uzito, sehemu ya hila iliyowasha mlango wa siri ilikuwa ndani ya kifurushi cha msimbo cha matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na haikuwamo katika hazina ya git. Mtu mmoja alikuwa akitengeneza vifurushi hivyo mwenyewe na watu wakavipokea. GitHub Actions sasa hutoa hati ya uthibitisho inayofunga kila faili na heshi ya msimbo, jina la hazina na mkondo uliolijenga, na mtumiaji anaweza kuihakiki kwa amri moja. Tangu nianze kuitoa ni watumiaji wawili tu walioniambia kwamba wameihakiki, nami nitaendelea kuitoa.

Kero ndogondogo zipo, na nyingi zimeandikwa katika maelezo ya huduma yenyewe. Kazi iliyopangwa kwa saa haina ahadi ya kuanza kwa wakati, hasa mwanzoni mwa saa ambapo mzigo ni mkubwa, na katika hazina ya umma huzimwa yenyewe ikipita siku 60 bila shughuli. Mradi uliotulia, ambao ndio hasa unahitaji kupimwa kila wiki, ndio unaoadhibiwa. Faili linaloendeshwa, likipitishwa kutoka kazi moja hadi nyingine kama kiambatisho, hupoteza ruhusa yake ya kuendeshwa, hivyo lifungeni kwanza kwa tar. Hakuna njia rasmi ya kuujaribu mkondo mzima kwenye kompyuta yako, na ndiyo maana historia ya hazina nyingi imejaa mabadiliko yenye majina kama "jaribu tena" na "jaribu tena la mwisho". Chombo cha jamii kiitwacho act kinasaidia kwa Linux. Kwa Mac hakisaidii.

Zito zaidi ni maswali juu ya uangalizi wa huduma. Programu inayoendesha kazi kwenye mashine ilikuwa na skripti ndogo ya kusubiri, iliyozunguka bila kupumzika hadi idadi ya sekunde iwe sawasawa na iliyotakiwa. Prosesa ikizidiwa na sekunde hiyo ikaruka bila kuonekana, skripti ilizunguka milele. Alama ya "ndogo kuliko" badala ya "si sawa na" ingetosha. Watunzaji wa lugha ya Zig, waliohamia Codeberg (tovuti nyingine ya kuweka msimbo) Novemba 2025, walilitaja kosa hilo miongoni mwa sababu zao. Mwezi uliofuata GitHub ilitangaza kuanza kutoza hata kazi za hazina za faragha zinazoendeshwa kwenye mashine za mtumiaji mwenyewe, kisha ikaahirisha baada ya kelele kupanda. Miradi huria haikuguswa, ila nilirudi kuzihesabu zile kurasa mbili za YAML kuona kama bado ni mbili.

Mbadala zipo. GitLab, tovuti nyingine ya msimbo, ina mfumo uliopangika vizuri zaidi kwa maoni yangu, lakini akaunti ya bure hupewa dakika 400 kwa mwezi. Forgejo Actions, mfumo huria wa aina hii, inafanana vya kutosha na YAML hii hata kuhama kusiwe mateso, mradi uwe na mashine zako. Kinachokosekana kote huko, kwa bei ya bure, ni Mac.

Na Mac ndiyo kazi yangu inayofuata. GitHub imeshatangaza kwamba mashine zake za Mac za prosesa ya Intel zitaondolewa mwaka 2027. Katika orodha yangu kuna wahazini watatu wenye Mac za namna hiyo, mmoja wao ya mwaka 2015, na nimeshawaandikia kwamba baada ya hapo toleo lao litajengwa kwenye mashine ya ARM kwa kulengwa Intel, bila mimi kuweza kulipima kwenye mashine ya aina yao. Wawili wamejibu kwamba watanipimia wenyewe. Wa tatu ameuliza kama ni lazima asasishe.